Na Kerio Ipewe Ukurasa

Ukuta wa chumba nilicholala utotoni, kwa nyanya yangu, niliyemwita Kogo, pande za Kaptagat, ulikuwa wa udongo, na juu ya udongo huo ilibandikwa dunia nzima. Babu alikuwa kibarua wa kubambua magome ya miwati, na kila meneja wa shamba alipohama, majarida aliyoyaacha yaligawiwa wafanyakazi wakawashie moto. Kogo hakuyachoma. Alipika gundi ya unga wa ngano, akachana kurasa zenye picha, akazibandika moja moja ili baridi ya Julai isipenye kwenye nyufa. Hakujua kusoma, kwa hivyo maandishi yakielekea juu au chini, kwake yote yalikuwa sawa. Ndiyo maana juu ya mto wangu palikuwa na mlima mweupe uliopinduliwa, kilele kikining'inia, nami kwa miaka mingi nililala nikiamini kwamba kile ni kiwele cha ng'ombe mkubwa kuliko wote duniani.

Nilikuja kuujua mlima huo nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa jiografia alikuwa akitueleza namna barafu inavyochonga milima ikabaki na ncha kali. Akafungua kitabu, na tazama, kiwele changu hicho kimesimama wima: Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, mita 4,478. Nilipaza sauti darasani nikaambiwa ninyamaze. Likizo ilipofika nilisimama mbele ya ukuta ule nikapinda shingo hadi ikauma, nikautazama mlima jinsi ulivyo. Kuanzia hapo sikutaka kusomea kitu kingine. Nimefundisha jiografia miaka 31 katika shule za sekondari za Eldoret na viunga vyake, na sasa nimestaafu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu bwana aliyekuwa akiniuzia majarida kuukuu karibu na soko la Eldoret ameniambia anaacha biashara hiyo. Turubai lake bado analitandika palepale, ila siku hizi juu yake pana kava za simu na chaja. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliniwekea kando yale aliyojua nitayataka: National Geographic zenye ukingo wa manjano, baadhi zikiwa bado na mihuri ya maktaba za ng'ambo zilikotupwa, Swara, jarida la East African Wild Life Society lililoanza mwaka 1978, na yale majarida ya ndege ambayo abiria huyatia mkobani wakishuka. "Mwalimu, leo kuna milima," ndivyo alivyoniita nikipita. Nyumbani nilikata kurasa kwa wembe, nikazigundisha kwenye kadibodi, nikaenda nazo darasani.

Wapo wanaoniambia picha hizo ni pambo la watu wenye nafasi. Ningependa wamuulize mwalimu aliyewahi kufundisha jangwa mahali penye mvua kama Uasin Gishu. Nilichora matuta ya mchanga ubaoni kwa chaki, nikaweka mishale ya upepo, nikauliza maswali; watoto arobaini walinitazama kwa adabu bila kuona chochote. Siku iliyofuata nilikuja na ukurasa mmoja tu wa jangwa la Namib, picha iliyopigwa kutoka angani jua likichwea, upande mmoja wa kila tuta ukiwa umemeremeta na upande wa pili umezama kwenye kivuli. Niliwaacha waipitishe dawati kwa dawati. Ilipofika nyuma, msichana mmoja aliyekuwa hasemi sana akasema, "Kumbe upepo ulitoka huku," akipitisha kidole kwenye mteremko wa taratibu. Alikuwa sahihi. Alikuwa ameusoma upepo kwenye karatasi.

Picha ya jarida inaweza kufanya hivyo kwa sababu imesubiriwa. Mtu amerudi mahali pale mara kumi kutafuta mwanga. Sisi tulio karibu na ikweta tunajua jinsi mwanga huo ulivyo mfupi: jua letu huchomoza wima, na ule wekundu wa asubuhi unaoleta umbo la kila jiwe haudumu. Ukichelewa kwa kikombe cha chai, umeukosa. Baada ya hapo mhariri amekaa na mamia ya picha akazikataa zote isipokuwa sita. Kisha imechapishwa kubwa, kwenye karatasi nzito, na ukiifungua inakujaa mikononi. Haikuruhusu uende haraka. Unakaa nayo, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyogundua vitu: nyayo za mtu kwenye kona, ndege mmoja juu ya maji, mstari wa mvua upande wa mbali.

Na nguvu yake haiishii darasani. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi. Picha za moto ule zilizunguka dunia, magazetini na majaridani, na mwezi Oktoba mwaka huohuo mataifa yaliyokutana chini ya mkataba wa CITES yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Mabishano yalikuwa mengi na sababu zilikuwa nyingi, lakini hakuna anayekumbuka hotuba ya siku ile kama anavyokumbuka picha.

Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kukata kurasa, kuna jambo lilianza kunisumbua. Kila picha ya jarida ni kama barua. Ina mtu aliyeandikiwa. Nikizipanga picha za Kenya nilizokusanya, naona wazi kwamba sikuandikiwa mimi. Ndovu wa Amboseli, nyuma yao Kilimanjaro. Nyumbu wakijitosa mto Mara. Heroe wa waridi ziwani. Kijana wa Kimaasai amesimama kwa mguu mmoja, jina lake halitajwi. Mwaka baada ya mwaka, picha hizohizo, zikimwambia mtu aliye mbali apande ndege aje. Sizilalamikii; zimeleta watalii na mishahara, na nyingi ni kazi bora. Lakini mtoto wa Eldoret anaweza kukusimulia nyumbu wanavyovuka Mara hata kama hajawahi kufika Narok, na huyohuyo hawezi kukueleza kilichopo kilomita 35 kutoka kitandani kwake.

Hilo nililiona kwa macho yangu mwaka 1994. Tulikodi basi nikawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Iten. Walikuwa wamekwisha kuchora Bonde la Ufa mara nyingi, wakaweka nyufa, wakaweka mishale ya ardhi inayotitia, wakapata alama. Tukashuka kwenye basi, tukapita mashamba ya viazi, nyasi bado zina umande, hadi pale ardhi inapokatika. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari. Sakafu ya bonde iko zaidi ya mita elfu moja chini ya miguu yako, na ng'ambo kuna milima ya Tugen imekaa kwenye ukungu wa rangi ya samawati. Chini kabisa, mstari wa kijani wa miti unaonyesha mto Kerio unakopita.

Hakuna aliyesema neno. Kisha mvulana mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Langas, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa ni wapi?" Nikamwambia hili ndilo Bonde la Ufa. Akakataa. Akasema halifanani na lile la kitabuni. Alikuwa na haki, kwa maana picha ya kitabuni ilipigwa kule Kijabe, na maelezo yake yalikuwa maneno matatu tu yasiyotaja mahali. Kwake Bonde la Ufa lilikuwa mahali pa watu wengine.

Tuliteremka na basi kupitia Tambach. Kila kona joto liliongezeka. Watoto walivua masweta, kisha wakafungua vifungo vya mashati. Miti ikabadilika, misonobari na mikaratusi ikatuacha, migunga ikatupokea. Biretwo tulinunua maembe, na mzee mmoja akatuuzia asali nyeusi kwenye chupa ya soda. Chebloch, pale barabara ya Kabarnet inapovuka Kerio, tuliwakuta vijana wakiruka kutoka juu ya miamba hadi kwenye maji yaliyobanwa katikati, maji ya rangi ya chai ya maziwa, wakiibuka wanacheka. Hujapata kuona watoto wangu wakiuliza maswali kama siku ile. Mto unatoka wapi? Unaenda wapi? Mbona jiwe limekatwa hivi? Niliwaambia maji haya yanaenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana, na nilikuwa na picha ya kuwaonyesha.

Picha hiyo ilitoka katika kitabu cha Mohamed Amin. Wengi wanamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, zilizoamsha dunia. Mimi namkumbuka zaidi kwa Cradle of Mankind, kitabu kilichotoka 1981 baada ya safari yake ya kulizunguka Ziwa Turkana. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na hukohuko mwaka 1963 akaanzisha Camerapix. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazidja, akiwa pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye kwa vitabu vingi. Ninampenda kwa sababu ziwa lake lina watu, lina upepo, lina majina. Ukilitazama unaona kazi ya mtu aliyekuja kukaa na kuuliza, mtu aliyejua kwamba wapo wasomaji Nairobi na Dar watakaofungua ukurasa uleule. Amekuwa ushahidi wangu kila nikiambiwa kwamba kazi hii ni ya wageni.

Na hao wageni wenyewe wameanza kujihoji. National Geographic, lililoanzishwa 1888, liliwahi kusogeza piramidi za Giza kwa mashine ili zitoshe kwenye jalada la Februari 1982. Nililitumia jalada hilo kuwafundisha wanafunzi kwamba picha nayo huulizwa maswali kama shahidi. Aprili 2018 mhariri wake, Susan Goldberg, alikiri waziwazi kwamba kwa miongo mingi jarida hilo liliwaonyesha watu wa sehemu kama zetu kibaguzi, kama viumbe wa ajabu walioganda katika wakati. Alimwita mwanahistoria John Edwin Mason apekue kumbukumbu zao, na alichokipata walikichapisha. Niliheshimu hatua hiyo. Lakini toba ya jarida la Washington haiwezi kunipigia picha ya Kerio. Hilo ni deni la kwetu.

Tutazame magazeti yetu basi. Bonde la Kerio linapoingia kwenye kurasa za Kenya, huingia na bunduki. Askari juu ya gari, nyumba iliyochomwa, mama ameshika kichwa. Ni kweli tupu. Wezi wa mifugo wamewaua watu na kufunga shule, na anayeficha hilo anawadhulumu waliozika. Novemba 2025, maporomoko ya ardhi yalipowafunika watu Chesongoch, wengi nchini waliona ukuta wa bonde kwa mara ya kwanza katika picha zilizopigwa kutoka angani: kovu jekundu kwenye kijani. Nilikaa na picha hizo muda mrefu. Nilifikiria kwamba msomaji wa Nairobi au Mombasa hajawahi kuonyeshwa mteremko ule kabla haujaporomoka, hajui nyumba zile zilivyokaa kwenye vibaraza vya mlima kama viota, hajui mifereji ya Wamarakwet inayoteremsha maji kutoka juu hadi mashambani chini, iliyochimbwa na mababu na kukarabatiwa na wajukuu hadi leo. Ukionyeshwa mahali siku ya msiba tu, utawahurumia watu wake, hutawajua.

Majarida ya michezo nayo yanakuja Iten kila mwaka. Yanapiga miguu. Barabara ya vumbi jekundu, alfajiri, kundi la wanariadha na pumzi zao zikifuka kama moshi. Nazipenda picha hizo, na kwa haki yake mtu akitaka kujua David Rudisha alipata wapi mapafu ya kukimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London mwaka 2012, na aone hewa ile. Lakini mpigapicha husimama kuielekea barabara, na bonde liko nyuma ya mgongo wake. Mara nyingi nimetamani kumgusa begani, ageuke.

Si Kerio pekee. Mbele ya Kitale iko Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi majini mpaka shingoni na kutembea juu ya matope kwa kwato ndefu zilizoachana. Unakaa juu ya jukwaa la mbao asubuhi na mapema, unasubiri, na ukibahatika matete yanafunguka naye anatoka. Nimewauliza watu wengi mjini Eldoret kama wamewahi kumwona hata kwenye karatasi. Wananiuliza huyo ni mnyama gani.

Najua jibu nitakalopewa: simu imemaliza kazi hiyo. Kila mtu ana kamera, kila Jumapili ukingo wa Iten umejaa vijana wakijipiga picha, na bonde lote limo kwenye mtandao. Wajukuu wangu hunionyesha. Mara nyingi bonde limekuwa pazia, sura ya mtu imejaa mbele, na kidole kimeshasukuma picha nyingine kabla sijavaa miwani. Sizichukii picha hizo. Ni furaha yao na wana haki nayo. Lakini hakuna hata moja iliyonikalia juu ya mto miaka tisa kama ule mlima wa Kogo. Jarida hulala kwa kinyozi, hulala saluni, hukopeshwa jirani, hurudi bila jalada, hufunikia daftari, hubandikwa ukutani. Mtu asiye na shilingi ya bando hulisoma. Mtoto asiyejua kusoma hulisoma.

Wapigapicha tunao. Jumamosi yoyote, pita kwenye koito, yaani sherehe ya posa, au kwenye harusi hapa Uasin Gishu utawakuta, vijana wenye kamera nzuri na jicho zuri zaidi, wakimpanga bwana harusi chini ya mti jua likielekea kuzama, kwa sababu wanajua mwanga ule ndio wenyewe. Mmoja wao, niliyemfundisha, aliniambia amepiga picha za Kerio alfajiri kwa miaka sita kwa gharama yake, na ziko kwenye tarakilishi tu. Hajapata wa kuzinunua. Harusi inalipa, mto haulipi. Aliponionyesha, niliona Chebloch mwezi wa Mei maji yakiwa yamejaa, niliona ndovu wa hifadhi ya Rimoi kwenye vumbi la saa kumi jioni, niliona mwanamke akiteremka njia ya mawe na mzinga wa nyuki. Kila picha ameandika mahali na mwezi. Nilimtia alama zote.

Ninachoomba si kikubwa. Gazeti hili, na mengine ya Kiswahili, yatoe ukurasa mmoja mzima kila Jumamosi kwa picha moja ya nchi tunamoishi. Moja tu, kubwa, isiyo na tangazo pembeni. Alipwe aliyeipiga, bei ya kumwezesha kuacha harusi moja kwa mwezi. Na chini yake pasiandikwe "mandhari ya kuvutia" wala "Bonde la Ufa" peke yake. Paandikwe ni wapi: ni Kamariny, ni Chebloch, ni Tambach, ni mwezi gani, mti ule unaitwaje na watu wanaokaa chini yake, mtu yule ni nani, ikiwa ameridhia kutajwa, na nauli ya matatu kutoka Eldoret hadi hapo ni ngapi, maana msomaji huyu hahitaji ndege. Kaunti zetu zinachapisha vipeperushi vya utalii kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Nazo zichapishe kalenda moja kwa Kiswahili ziipeleke kila shule ya msingi, miezi kumi na miwili, mahali kumi na pawili, karatasi nzito.

Nyumba ya Kogo ilibomolewa zamani, na mlima wangu ukaenda na ukuta. Nyumba ninayoishi sasa ni ya matofali, haina nyufa. Jikoni, upande usiopigwa na jua, nimeondoa kabati ya vyombo, na mjukuu wangu wa miaka saba ameniuliza mara mbili mbona pale pameachwa wazi. Nimemwambia tunangoja Jumamosi. Unga wa ngano upo. Gundi nitaipika mwenyewe.